Monita iliyokufa ikiwa asilimia 61

Monita yangu ilikufa saa mbili na robo usiku, sebuleni kwa jirani, mstari wa kijani wa kusasisha programu yake ya ndani ukiwa umefika asilimia 61. Taa zilizimika, feni ikapunguza mwendo taratibu hadi ikasimama, na mtoto wa mwenye nyumba akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Luku imeisha." Kwao lilikuwa jambo la kununua uniti kwenye simu na kwenda kubonyeza tarakimu 20 ukutani. Mimi nilibaki gizani nimeshika kona ya monita.

Umeme ulirudi baada ya dakika saba hivi. Feni ikaanza, friji ikaguna, kompyuta ya kijana wa pale ikawaka. Monita haikuwaka. Kile kitaa cha chini kulia, ambacho huwa cheupe ikiwa macho na cha rangi ya chungwa ikilala, hakikuonyesha rangi yoyote. Nilibonyeza kitufe. Nilichomoa waya, nikahesabu hadi 30, nikachomeka tena. Kijana aliniangalia usoni akaamua kunyamaza, nikamshukuru moyoni.

Monita yenyewe ni ya inchi 24, mtumba wa Ulaya, niliinunua Kariakoo kwa shilingi 180,000 baada ya kupatana nusu saa nzima. Mgongoni bado ina stika ya namba ya mali ya ofisi ilikotoka. Picha ni safi, haina doa wala mstari. Ila ilikuwa na tabia moja mbaya: ukiiunga kwa DisplayPort, aina mojawapo ya waya wa picha, ikishalala haiamki. Utatikisa kipanya, utabonyeza kila kitufe, kitaa kinabaki vilevile. Dawa yake ilikuwa kuchomoa waya wa umeme ukutani na kuurudisha. Mwisho wa mwezi, ninapofunga hesabu za maduka matatu ninayoyashikia vitabu, kila nikienda kunywa chai nikirudi ni kuinama chini ya meza. Kwa HDMI, aina nyingine ya waya, haikuwa na neno, lakini tundu la HDMI lilikuwa na mwenyewe: king'amuzi. Jioni mke wangu huangalia tamthilia zake kwenye monita hiyohiyo, na habari za kuchomoachomoa nyaya alishazikataa mapema.

Mwaka mzima niliamini tatizo ni Linux. Ni mfumo huria wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows; natumia toleo lake liitwalo Debian nyumbani, na mtu wa Linux huzoea kujilaumu kabla ya kumlaumu mwingine. Nilichokuja kugundua nilikipata kwa njia ya kando. Nilikuwa natafuta namna ya kupunguza mwanga usiku bila kuhangaika na vile vitufe vya chini, ambavyo aliyenitangulia alishavitumia mpaka vikalegea. Ndipo nikakutana na ddcutil, programu ya Linux ya kuongea na monita.

Sikuwa nikijua kwamba waya wa picha hauleti picha peke yake. Ndani ya waya wa VGA, DVI au HDMI mna njia nyingine nyembamba ya mazungumzo, I2C, nyuzi mbili tu: moja ya kupiga saa, moja ya kubeba data. Kwenye DisplayPort mazungumzo hayo hupitia njia iitwayo AUX. Kompyuta ikibisha hodi kwenye anwani 0x50, monita hujitambulisha: jina lake, namba yake, picha za ukubwa gani inaziweza. Hiyo ndiyo EDID. Ikibisha kwenye 0x37 inafika DDC/CI, ambako mambo mengi ya kwenye menyu yana namba. Mwanga ni 10, tundu la kuingizia picha ni 60, kwa hesabu ya heksadesimali, ile ya tarakimu 16, 0 hadi F. Niliandika sudo modprobe i2c-dev, kisha ddcutil detect, kisha ddcutil setvcp 10 35, na sebule ikapungua mwanga bila mimi kugusa kitu. Nilicheka peke yangu kama mtoto aliyegundua swichi.

Nikaendelea kuchokoa. Namba C9 ni toleo la famuwea, yaani ile programu ndogo inayokaa ndani ya monita yenyewe, inayochora menyu na kuamua lini ilale na lini iamke. Monita ikajibu: 1.2. Nikatafuta mtengenezaji anasemaje kuhusu modeli hiyo. Alikuwa ameshafika 1.5, na katika mistari michache ya mabadiliko mmoja ulisema wamerekebisha kuamka kupitia DisplayPort. Mwaka mzima nilikuwa nikiiombea Linux msamaha kwa kosa lisilo lake.

Njia ya kistaarabu ingekuwa fwupd. Kama hujawahi kuitumia, ni mradi wa programu huria ulioanzishwa na Richard Hughes wa Red Hat mwaka 2015, wenye ghala liitwalo LVFS ambako watengenezaji huweka famuwea zao. Unaandika fwupdmgr refresh, halafu fwupdmgr update, unakunywa maji. BIOS ya laptopu yangu, famuwea inayoiwasha, imeshasasishwa hivyo mara mbili. Baadhi ya monita nazo zimo, hasa zile zenye hub ya USB ndani yake. Yangu haikuwamo. Mtengenezaji alikuwa ametoa faili moja la .exe na maelekezo ya kurasa mbili: tumia Windows, tumia waya wa HDMI, usizime umeme.

Hiyo ya umeme niliisoma. Nakumbuka kabisa niliisoma.

Nilijaribu kwanza kuiendesha kwa Wine, inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux. Dirisha likafunguka vizuri, likasema halioni monita yoyote. Nikaweka Windows ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta, majibu yakawa yaleyale, na nilipotulia nikaona ni haki: mashine pepe hupewa kadi ya picha ya kuigiza, I2C ya kweli haifiki huko. Basi nikaibeba monita kwa mikono miwili hadi kwa jirani, ambaye kijana wake ana kompyuta ya mezani ya kuchezea gemu yenye Windows.

Kazi ile ni ya polepole kuliko nilivyodhani. I2C ya kasi ya kawaida hupiga mara 100,000 kwa sekunde, na kila baiti inakula mapigo 9, kwa hiyo hata ikienda bila kusimama hupitisha baiti 11,000 na kidogo kwa sekunde. Megabaiti moja ni zaidi ya dakika moja na nusu. Ongeza kufuta, kuuliza, kusubiri majibu na kuhakiki: sisi tulikuwa dakika ya 14 luku ilipoisha. Hata ningekuwa na laptopu yenye betri nzuri isingesaidia, maana monita yenyewe inakula umeme wa ukutani. Kilichotakiwa ni UPS, ile betri ya akiba, au kumwuliza mwenye nyumba swali moja tu la adabu kabla ya kuanza: "Mzee, uniti zipo?"

Nyumbani niliiunga na laptopu nikaendesha i2cdetect kwenye njia ileile niliyoizoea. Programu hii huchora jedwali la safu nane. Penye kifaa huandika anwani yake, pasipo na kitu huweka vistari. (Hakikisha unajua namba ya njia yako kabla ya kucheza na zana hizi. Kwenye laptopu kuna njia nyingine za I2C zenye vitu usivyotaka kuvigusa, kumbukumbu za RAM zikiwamo. ddcutil detect hukutajia ni ipi ya monita, na mimi nilikuwa nimeiandika kwenye karatasi ingali hai.) Siku za uzima jedwali lilikuwa na 37 na 50. Sasa vistari vitupu. Baadhi ya chipu za Realtek zinazoendesha monita huacha mlango wa nyuma kwenye anwani 4a, na kwa familia ya RTD2660 kuna zana huria zinazopitia hapo kuandika famuwea. Kwangu 4a nayo ilikuwa kistari.

Ikabaki kuifungua.

Niliiacha bila umeme usiku kucha kwanza. Umeme wetu wa volti 230 ukishageuzwa kuwa wa mkondo mmoja ndani ya bodi hufika volti 325 hivi, na kapasita hazina haraka ya kuuachia. Asubuhi nilitoa skrubu nne za nyuma ya stendi, kisha fremu nikaizungusha kwa kadi ya benki iliyokwisha muda wake, jino moja baada ya jingine, kila jino likilia kama limevunjika. Ndani mna bodi mbili: ya umeme, ambayo sikuigusa kabisa, na ya picha, ukubwa wa kiganja. Katikati ya hiyo ya pili kuna chipu pana ya mraba, skela, ndiyo inayopokea picha na kuipeleka kwenye kioo. Pembeni yake kuna chipu ya miguu minane, ndogo kuliko punje ya mahindi. Nikaipiga picha kwa simu, nikaikuza: 25Q16. Hiyo 16 ni megabiti, yaani megabaiti 2. Humo ndimo famuwea inamolala.

Kifaa cha kusomea chipu za aina hiyo mafundi wanakiita programa. Nilipata moja yenye chipu ya CH341A kwa 25,000, pamoja na kibanio cha kung'ata miguu minane bila kuing'oa chipu. Nilikuwa nimeshasoma kwamba flashrom, programu huria iliyozaliwa ndani ya mradi wa coreboot wa BIOS huria, inaongea na programa hizo moja kwa moja kutoka Linux. Nikajiona nimemaliza. Bahati yangu nilipitia kwa fundi wangu wa simu kabla ya kubana chochote.

"Mambo fundi."

"Poa bosi. Leo tunafufua nini?"

"Nataka kusoma flashi."

Akanyoosha mkono apokee flashi. Nikampa bodi ya monita. Akaigeuza, akaniangalia. "Bosi, hii siyo flashi." Ilibidi nianze upya, nimweleze kwamba ile chipu ya miguu minane nayo huitwa flashi. Lugha yetu imekwisha kuligawa neno hilo kwa kile kijiti cha USB, na hakuna namna ya kukinyang'anya.

Alipoelewa aliichukua programa, akaichomeka kwenye USB, akashusha ncha za mita kwenye matundu yake. Mguu wa umeme: volti 3.3. Sawa. Akahamia mguu wa data: 5 kamili. Akanigeuzia mita niione mwenyewe.

"Hii chipu yako mwisho wake ngapi?"

"Tatu nukta sita."

"Basi hapa utaikaanga."

Programa nyingi nyeusi za bei rahisi ndivyo zilivyo. CH341A iliyomo inalishwa volti 5 za USB moja kwa moja, kwa hiyo miguu ya data nayo inasema 5, hata kama ule wa umeme umeshushwa hadi 3.3. Wengine wamezitumia miaka na chipu zao zimevumilia. Mimi nilikuwa na chipu moja tu duniani. Fundi aliuinua mguu wa 28 wa CH341A, akauvutia 3.3 kwa kiwaya chembamba kama unywele, akaupelekea na wa 9, akapima tena. Miguu yote ikasoma 3.3. Akaomba 10,000 na sikupatana.

Kibanio hakikufanya kazi. Nilikibana, waya mwekundu upande wa nukta ya mguu wa kwanza, flashrom ikasema haioni chipu. Sababu ni kwamba ukiipa chipu umeme ikiwa bado bodini, umeme huo unakimbilia kwenye skela na kila jirani yake, na kijiprograma cha USB hakina ubavu wa kulisha ukoo mzima. Fundi akachukua blowa, akazungusha hewa ya moto chini ya dakika moja, akaichomoa kwa kibano. Nilirudi nyumbani na daladala, chipu ikiwa ndani ya kiberiti, imefungwa kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara aliyoniokotea yeye.

Usiku ule, laptopu ikiwa kwenye betri makusudi, niliweka chipu kwenye kitako cha programa nikaandika:

flashrom -p ch341a_spi -r soma1.bin

Ikasoma. Nikarudia kwa jina la soma2.bin, nikalinganisha kwa sha256sum, inayotoa kama alama ya kidole ya faili. Hazikufanana. Chipu moja, dakika moja, nakala mbili tofauti. Kama ningesoma mara moja ningelala nikiamini nina nakala rudufu, kumbe nina uongo wa megabaiti 2. Nikaisugua miguu kwa spiriti na mswaki wa zamani, mabaki ya gundi ya risasi yakatoka, nikasoma tena mara tatu. Zote tatu zikafanana hadi herufi ya mwisho.

Sasa nikaifungua nakala hiyo kwa xxd, inayoonyesha baiti moja moja, na hapo ndipo nilipokaa hadi saa saba usiku.

Baiti ya kwanza kabisa ilikuwa 02. Ndani ya skela yangu mnaishi 8051, prosesa ya muundo ambao Intel iliutoa mwaka 1980, na kwake 02 maana yake ni "ruka uende kule". Imezaliwa kabla yangu na bado inafanya kazi za vibarua ndani ya monita. Nikashuka kurasa kwa kurasa za msimbo, namba zisizo na mpangilio wa macho, mara vipande vya maneno ya menyu, hadi nikafika hapa:

0009c000: ffff ffff ffff ffff ffff ffff ffff ffff

Na kuanzia hapo FF, FF, FF. Chipu iliyofutwa huwa FF tupu. Nikafungua kikokotoo. 0x9C000 ni 638,976. Sehemu ya msimbo ni megabaiti moja, 1,048,576. Nikagawa: asilimia 60.9. Nilikuwa natazama sekunde ile ambayo feni ya jirani ilianza kupunguza mwendo.

Kuna jambo lililonichekesha zaidi. Kwa 8051, FF si ukimya. Ni amri halali kabisa: nakili kilichomo kwenye A ukiweke kwenye R7, vikasha viwili vidogo ndani ya prosesa. Kwa hiyo monita yangu haikuwa maiti. Kila nilipoichomeka ukutani ilianza kazi kwa bidii, ikafika ukingoni, kisha ikanakili kitu kilekile mahali palepale maelfu kwa maelfu ya mara.

Faili la .exe nililifungua kwa 7z, maana nyingi ya hizo ni kifurushi tu kilichovalishwa koti la programu. Ndani mlikuwa na .bin ya baiti 2,097,152, ukubwa wa chipu yangu hasa. Nitajuaje kama ni sahihi? Nikaendesha cmp kati yake na soma3.bin. Ikasema tofauti ya kwanza iko kwenye baiti ya 638,977. Yaani hadi pale umeme ulipokatika, mafaili mawili yalikuwa ndugu wa tumbo moja. Sikuhitaji ushahidi mwingine.

Na kwa sababu sikuhitaji ushahidi mwingine, nikafanya kosa la pili. Niliandika .bin yote kama ilivyo. flashrom ilifuta, ikaandika, ikasoma tena kuhakiki, ikasema VERIFIED. Kesho yake fundi akairudisha chipu bodini, nikaunga, kitaa kikawaka cheupe na nembo ikatokea kwenye kioo. Nilipiga makofi. Mke wangu akaja, akaunga king'amuzi chake, kioo kikawa cheusi. Laptopu ikiungwa, picha ipo. King'amuzi, hakuna. Halafu nikaona kitu ambacho furaha ilikuwa imekificha: nyeupe haikuwa nyeupe. Ilikuwa na ubuluu, kama shuka lililozidishiwa buluu ya kufulia.

Nilirudi kwenye soma3.bin na safari hii nikasoma mpaka mwisho wa faili badala ya kuishia pale palipoanza FF. Katika megabaiti ya pili, katikati ya ule weupe wa FF, kulikuwa na visiwa viwili vya data, kimoja kwenye 0x1E0000 na kingine kwenye 0x1FE000. Usiku ule nilikuwa nimeviona nikadhani ni takataka. Kwenye .bin ya mtengenezaji mahali hapo palikuwa FF. Programu yake ya Windows ilikuwa na adabu kuliko mimi: iligusa megabaiti ya kwanza tu na kuiacha ya pili. Kwenye visiwa vile ndimo monita ilimokuwa imehifadhi vitu vyake binafsi tangu kiwandani: vipimo vya rangi vya kioo chake, namba yake ya utambulisho, na funguo za HDCP, lile kufuli ambalo king'amuzi hulidai kabla ya kutoa picha ili isiende kunakiliwa. Mtengenezaji hawezi kukupa vitu hivyo kwenye faili la watu wote. Nakala pekee ilikuwa mezani kwangu, na ilikuwepo kwa sababu tu flashrom ilisoma kabla haijaandika.

Chipu hii hufutwa kwa vipande vya baiti 4,096, kwa hiyo 0x1E0000 ni kipande cha 480 na 0x1FE000 ni cha 510. Nikanakili .bin ya mtengenezaji kwa jina la mpya.bin, nikavihamishia humo:

dd if=soma3.bin of=mpya.bin bs=4096 skip=480 seek=480 count=1 conv=notrunc

na vivyo hivyo kwa 510. Hiyo conv=notrunc usiisahau, bila yake dd hulikata faili lako palepale inapomaliza kuandika. Nikahakiki kwa xxd kwamba visiwa vimekaa mahali pake, ukubwa bado 2,097,152.

"Bosi umerudi," fundi alisema, blowa ikiwa tayari mkononi.

Safari hiyo nyeupe ikawa nyeupe. King'amuzi kikaonyesha. ddcutil getvcp C9 ikajibu 1.5, na edid-decode ikanitajia namba ileile ya utambulisho iliyo kwenye stika ya kiwandani mgongoni. Nikaiunga kwa DisplayPort, nikaiacha ilale, nikaenda kunywa chai bila hamu ya chai. Niliporudi nikagusa kipanya. Sekunde ya kwanza hakuna kitu, ya pili hakuna kitu, ya nne kitaa kikageuka cheupe.

Mke wangu aliuliza baada ya siku zote tisa hizo ni nini kimebadilika. Nikamwambia sasa inaamka yenyewe.

"Si ndivyo zinavyofanya zote?"

Nilitumia 45,000 ukiacha nauli, kwa monita ya 180,000. Isingekuwa na kasoro ninayoweza kuitaja kwa jina nisingeigusa; famuwea mpya kwa ajili ya upya wake tu haina thamani ya kumsumbua fundi. Na bado nina kinyongo kidogo na aliyeitengeneza. Faili lilikuwepo, zima, ndani ya lile koti la .exe. Wangeliweka LVFS, lingeingia kwangu kwa amri moja.

Mwezi uliopita fundi alinipigia simu jioni. Kuna mteja kaleta monita kama yangu, jina lilelile, imekufa ikisasishwa.

"Nitumie lile faili lako, bosi."

"Umeshaisoma chipu yake?"

"Angalia WhatsApp."

Nikaangalia. Alikuwa ametuma mafaili matatu, kila moja baiti 2,097,152. Nikayapitisha kwenye sha256sum, yote yakafanana. Nikafungua la kwanza nikaanza kushuka, kutafuta FF zinaanzia wapi.